Laki Mbili Zinakutosha, Mwanangu

Mwanangu, umeniandikia kwamba tovuti yenu ya kukatia tiketi za mabasi iko mbioni kukamilika, kwamba mwenye kampuni anataka ianze kazi kabla ya msongamano wa Desemba, na kwamba katika fedha alizotoa zimebaki laki mbili tu. Unaniuliza ununue programu gani ya kupima kama wateja wataweza kuitumia. Usinunue programu yoyote. Laki mbili zinatosha, ila zitumie kwa watu. Na pamoja nazo utalazimika kutoa kitu kingine ambacho vijana wenye kipaji hukitoa kwa shida kuliko pesa: utakaa kimya pembeni, umwangalie mtu usiyemjua akihangaika na kazi yako, wala usimsaidie.

Hesabu yake nyepesi. Watu watano kwa awamu, awamu tatu. Kila mtu umpe elfu kumi kwa muda wake. Hiyo ni laki na nusu. Elfu hamsini inayobaki ni nauli yako, maji ya kunywa, bando na daftari. Kama kampuni ina ofisi yenye meza na feni, vizuri. Kama haina, usiitafute, hutaihitaji.

Wazo la watu watano si langu. Katika miaka ya 1980 kupima mfumo wa kompyuta kwa watumiaji ilikuwa kazi ya makampuni makubwa ya Marekani na Ulaya: chumba maalumu, kioo cha kuchungulia upande mmoja, kamera, wanasaikolojia, na ripoti nene ambayo mara nyingi ilifika wakati bidhaa imeshaingia sokoni. Mdenmark mmoja, Jakob Nielsen, alianza mwaka 1989 kusema hadharani kwamba sehemu kubwa ya gharama hiyo haina kazi. Mwaka 1993 yeye na Thomas Landauer walichapisha hesabu yao: katika miradi waliyoichunguza, mtumiaji mmoja kwa wastani alifichua asilimia 31 hivi ya matatizo ya mfumo. Wa pili hurudia mengi ya wa kwanza na kuongeza mengine kidogo. Ukifika kwa wa tano umeshaona kama asilimia 85, na kuanzia hapo unakaa tu kusikiliza malalamiko yaleyale. Ndiyo maana Nielsen alishauri kwamba mwenye fedha za watu 15 asiwaite wote kwa mpigo. Awagawe makundi matatu, na baada ya kila kundi arekebishe. Kundi la pili litayapima marekebisho yako, ambayo nayo, amini usiamini, yatakuwa na makosa yake mapya. Mmarekani Steve Krug alishuka chini zaidi: katika kitabu chake cha mwaka 2010 alisema watu watatu, asubuhi moja kila mwezi, wanatosha.

Utakutana na wataalamu watakaokuambia kwamba hesabu hiyo haina ukweli. Mwaka 2001 Jared Spool na Will Schroeder walipima tovuti za mauzo wakakuta watu watano wa kwanza hawakufichua hata nusu ya matatizo. Usiingie kwenye ugomvi huo. Asilimia 31 ni wastani wa miradi fulani, na tovuti kubwa yenye njia mia za kupita itahitaji watu zaidi. Yako ina kazi moja: mtu achague safari, alipe, apate tiketi. Na hata kama watano watakuonyesha nusu tu, hiyo nusu itawashinda kuirekebisha ndani ya wiki moja. Ninaowaogopa mimi ni wale wanaoyageuza mabishano haya kuwa kisingizio cha kutomkalisha mtu hata mmoja mbele ya kazi yao.

Watu wenyewe uwapate wapi? Si hosteli ya chuo, wala si ofisini kwenu. Wenzako wanajua kwamba mistari mitatu iliyolala pembeni mwa skrini ni menyu. Wanajua kwa sababu wamekula na kulala nayo. Nyani haoni kundule, na nyani mwenzake aliyekaa tawi hilohilo naye haoni. Nenda Stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar es Salaam. Omba ruhusa ofisi ya stendi kwanza na uvae kitambulisho, maana mtu anayezunguka na simu akihoji abiria ataitwa tapeli ndani ya dakika tano, na wenye kumwita hivyo watakuwa na haki. Mtu anayesubiri basi la saa nane ana muda na anasikia joto. Kiti kivulini na chupa ya maji ya baridi vinamvuta kuliko maelezo yako yote. Tafuta mchanganyiko: mfanyabiashara anayesafiri kila wiki, mzee asiyeona maandishi madogo, kijana wa bodaboda, mama mwenye mtoto mgongoni. Na usimwache yule anayekuambia, "Mimi tiketi hunikatia mwanangu." Huyo ndiye mteja ambaye hamjampata bado.

Kisha mwache atumie simu yake mwenyewe. Usimpe yako mpya iliyojaa chaji. Kwenye simu yake kioo kimepasuka kona ya juu, hapohapo ulipoweka kitufe cha kurudi nyuma. Maandishi ameyakuza mpaka ya mwisho kwa ajili ya macho, kwa hiyo kitufe chako cha "Endelea" kimesukumwa nje ya skrini na hakionekani. Kumbukumbu imejaa picha za harusi. Data huizima kila akimaliza jambo ili bando lisiyeyuke, na ataizima katikati ya fomu yako pia. Bando la siku hiyo umnunulie wewe, ila usimfundishe kuitumia simu yake tofauti na anavyoitumia siku zote.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo vitabu vingi vya Ulaya na Marekani vinapokuacha njiani. Kwetu mtu hasemi kibaya kuhusu kitu chako ukiwa umesimama mbele yake. Umemkaribisha, umempa maji, umemwamkia vizuri, anakuona una umri wa mwanawe wa tatu, kisha unamwuliza, "Mama, umeionaje?" Unategemea akujibu nini? Atasema, "Nzuri mwanangu, hongera, Mungu akuzidishie." Hajakudanganya. Amekufanyia adabu. Kosa ni la swali lako, lililomlazimisha achague kati ya ukweli na uungwana, na yeye kalelewa.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2012 Nicola Dell na wenzake walichapisha utafiti waliofanya Bangalore, India. Waliwaonyesha watu vitu viwili vya kiteknolojia na kuwaacha waamini kwamba kimoja kimetengenezwa na anayewahoji. Hata pale ambapo vyote viwili vilikuwa sawasawa kabisa, watu walikuwa na mwelekeo wa kukichagua cha mhojaji mara 2.5 hivi. Mhojaji alipokuwa mgeni kutoka nje mwenye mkalimani, mwelekeo huo ulifika mara 5. Ukisoma hayo utaelewa kwa nini miradi mingi ya wafadhili hurudi na ripoti kwamba wanakijiji wameipenda sana programu, halafu miezi sita baadaye hakuna anayeifungua.

Kwa hiyo, kwanza, usiipime kazi yako mwenyewe kama una mwenzako wa kukusaidia. Badilishaneni: yeye akae na wateja wako, wewe ukae na wa kwake. Aweze kusema bila kudanganya, "Hii sijaitengeneza mimi, nimetumwa kutafuta inapokwama." Pili, ile elfu kumi itoe kabla hamjaanza na umwambie ni yake hata akisimama na kuondoka sasa hivi. Ukiiweka mezani mpaka mwisho, atahisi analipwa kwa kusifia, na atasifia mpaka ahisi ameistahili. Tatu, neno "umeionaje" lisitoke mdomoni mwako siku nzima.

Kazi unayompa nayo ina namna yake. Kama kitufe kimeandikwa "Weka nafasi", usimwambie "weka nafasi ya kwenda Tanga", umeshamwonyesha mlango. Mpe jambo la maisha. Kule India mtaalamu mmoja wa kazi hii, Apala Lahiri Chavan, alichoshwa na watu waliokuwa wakimsifia kwa heshima tu, akaamua kuwapa kisa cha filamu: mpwa wako anakaribia kuolewa, ghafla umegundua kwamba bwana harusi ni muuaji wa kukodiwa, una ushahidi mkononi, lazima ukate tiketi ya ndege uwahi kuizuia ndoa. Watu waliingia ndani ya kisa, wakasahau kuwa wanapimwa, na tiketi ilipogoma walipandisha hasira za kweli. Sisi hatuna haja ya muuaji. Msiba wa ghafla, mtoto anayeripoti shule ya bweni, mdogo wako anayeolewa Jumamosi: taja kimojawapo na abiria yeyote wa Mbezi ataikamilisha hadithi mwenyewe.

Jambo lingine. Vitabu vitakuambia umwombe mtumiaji aseme kwa sauti kila anachowaza. Njia hiyo ililetwa kwenye kazi hii na Clayton Lewis wa IBM mwaka 1982, na ni nzuri, ila mjaribu mama wa makamo uone: mtu mzima kukaa anaongea peke yake na simu mbele za watu anaona haya. Wakalishe wawili. Shoga na shoga yake, mtu na mkewe, simu moja kati yao. Hapo hutahitaji kumwomba yeyote aseme. "Bonyeza hapo." "Hapo wapi, hapo si wamesema rudi?" "Hebu lete nione." Mjapani Naomi Miyake alichapisha mwaka 1986 utafiti wa watu wawiliwawili waliopewa cherehani wajadiliane jinsi inavyofunga mshono, na mazungumzo yao yakaweka wazi hatua kwa hatua wanachoelewa na pale uelewa wao unapokatika. Kwa tovuti ni vilevile. Kila kikao kinaongezeka elfu kumi, basi punguza vikao: jozi tatu badala ya watu watano, na tofauti itoke kwenye ile elfu hamsini. Mimi napenda jozi kuliko mtu mmoja mmoja, ingawa wapo wanaobisha kwamba mwenye sauti kubwa humfunika mwenzake. Ni kweli humfunika. Simu mpe mnyonge aishike.

Wewe hapo uko wapi? Nyuma kidogo, ubavuni, daftari mapajani. Akikuuliza "nibonyeze hiki?", mjibu, "Ungekuwa nyumbani peke yako ungefanyaje?" Akinyamaza muda mrefu, mwulize, "Unatafuta nini?" Basi. Ukiona kidole chake kimezunguka kitufe mara ya tatu bila kukigusa, moyo wako utataka kupasuka, na mkono utanyanyuka wenyewe kumwonyesha. Ukalie. Na kila atakaposema "mimi na hizi simu hatupatani" au "sisi wa zamani hatujui haya mambo", andika saa, andika alikuwa ukurasa gani. Anajilaumu yeye kwa kosa mlilolifanya ninyi, na usipoandika utaondoka ukiamini kweli lilikuwa lake.

Nikupe tukio moja. Kampuni moja ya mabasi, jina nalihifadhi, ilikuwa na tovuti safi, ya Kiswahili kilichonyooka. Muuza vitenge mmoja alikuwa kwenye benchi, tukampa kisa chake: mdogo wako anaolewa Tanga Jumamosi, Ijumaa mchana lazima uwe umeshafika. Akafungua. Dar es Salaam, Tanga, Ijumaa. Zikaja safari nne: 06:00, 09:00, 12:00, 15:00. Hakusita. Akagusa 12:00, akachagua kiti cha dirishani, akaandika jina na namba ya simu, akafika mwisho bila kukwama popote. Akatabasamu akasema, "Nzuri sana, wala haisumbui." Kijana aliyekuwa anaandika akaweka alama ya vyema. Nikamwuliza yule mama, "Siku hiyo nyumbani utatoka saa ngapi?" Akasema, "Basi la saa kumi na mbili asubuhi? Saa kumi niko macho, kumi na moja stendi."

Alikuwa amekata tiketi ya saa sita mchana.

Tazama ni vitu vingapi vingekudanganya hapo. Maoni yake yalikuwa mazuri na ya dhati. Mfumo ungehesabu mauzo yaliyokamilika. Muda aliotumia ulikuwa mfupi. Mwenye kampuni angeonyeshwa grafu inayopanda, na yule mama angekaa stendi tangu alfajiri akiangalia mabasi ya wenzake yakiondoka. Mwingine mwenye kutaka safari ya mchana angegusa 06:00, akaja stendi saa sita jua la utosi, basi limeshapita Chalinze zamani. Angerudi kwa wakala wake wa siku zote na asiiguse tena tovuti, na hakuna takwimu yoyote ambayo ingewaambia sababu. Dawa ilikuwa kuandika "saa 6:00 mchana" kwa herufi kubwa na "12:00" ndogo chini yake. Kazi ya nusu saa.

Kwa hiyo mtu akimaliza, usimwache aondoke na sifa zake. Mwulize mambo ya mbele: utatoka saa ngapi, mzigo utabeba kiasi gani, ukifika stendi utamwonyesha nani nini, ukighairi safari hela yako iko wapi. Majibu yake yatakuonyesha alichokielewa.

Malipo yaangalie kwa jicho la pekee, maana hapo ndipo wengi hukimbilia mlangoni. Tovuti yenu inatuma ombi la malipo kwenye simu, sivyo? Mteja anagusa "Lipa", na ghafla dirisha jingine linaruka juu ya skrini likiomba namba ya siri, na jina lililoandikwa si la kampuni ya basi, ni la kampuni inayopokea malipo kwa niaba yake. Huyu ni mtu ambaye kwa miaka amekuwa akipokea jumbe za "ile hela itume kwenye namba hii". Ameonywa redioni, ameonywa na watoto wake. Atabonyeza kughairi haraka sana, kisha atakutazama wewe kwa jicho la wasiwasi. Amefanya sawa kabisa. Tangulia kumwambia kwenye ukurasa: sasa hivi simu yako italeta ombi, jina utakaloliona ni hili, kiasi ni hiki. Na jingine: ukimtumia tarakimu za uthibitisho kwa ujumbe, atatoka kwenye tovuti kwenda kuzisoma, na simu yenye kumbukumbu ndogo itaufuta ukurasa wako, akirudi anakuta fomu tupu, jina, namba na kiti vyote vimekwenda. Kwenye simu yako hutaliona hilo hata ujaribu mwaka mzima.

Wakati mwingine anachofanya mtu nje ya kazi uliyompa kina thamani kuliko kazi yenyewe. M-Pesa kabla ya kuzinduliwa ilifanyiwa majaribio Kenya, kuanzia mwaka 2005, na lengo la awali lilikuwa wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu walipe marejesho yao kwa simu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone, walioongoza mradi, waliona watu wakiugeuza. Wengine waliweka fedha mwanzo wa safari wakazitoa mwisho wa safari ili wasitembee nazo mfukoni. Wengine waliitumia kama kabati la kulaza mauzo ya siku. Wengine waliwanunulia ndugu zao wa mbali muda wa maongezi. Ilipozinduliwa Machi 2007 ilikuja kama huduma ya kutumiana fedha, si ya kulipia mkopo. Mradi ule haukuwa wa bei ya chini, serikali ya Uingereza ilichangia, kwa hiyo sikuambii ujifananishe nao kwa bajeti. Nakuambia uache nafasi kwenye daftari kwa mambo ambayo hukuyauliza. Abiria wako akijaribu kumkatia tiketi mama yake aliyeko Lushoto asiye na simu janja, na fomu ikamkatalia kwa kuwa jina na namba ya mlipaji havifanani na vya msafiri, hiyo ni habari kubwa. Usimrudishe kwenye kazi yako upesi.

Heshimu mali za watu. Akifika kwenye namba ya siri, geuza uso kabisa, aone kwamba umegeuza. Kama malipo ni ya kweli, mrudishie hapohapo kabla hajasimama. Usirekodi uso wake. Mikono na skrini vinatosha, na hata hivyo kwa ridhaa yake. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, Kenya wana yao tangu 2019, kwa hiyo orodha ya majina na namba za simu za waliokusaidia isiachwe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi.

Kuhusu ripoti sina mengi. Jioni ileile, wakati sauti zao bado ziko masikioni, andika matatizo matano au sita makubwa, kila moja kwa sentensi moja na jina la ukurasa. Usipige asilimia. Watu watatu kati ya watano ni watu watatu kati ya watano. Ukimwandikia mwenye kampuni "asilimia 60 ya wateja wetu", umemuuzia mbuzi kwenye gunia, na siku atakayokuuliza hao wateja wengine uliwapata wapi utatafuta pa kujificha. Rekebisha kwanza linalomzuia mtu kusafiri, kisha linalompotezea fedha, kisha linalomchelewesha. Rangi ya nembo iache mpaka mwisho, hata kama ndiyo wanayoizungumza kwenye kikao.

Tena ningependa huyo mwenye kampuni umlete mwenyewe, awamu ya pili. Atasema ana kazi nyingi. Mwombe saa moja tu, mkalishe nyuma yako, mpe sharti lilelile la kunyamaza. Wewe unaweza kumweleza mwezi mzima kwamba ile picha kubwa ya basi jipya inayofunika ukurasa wa kwanza inakula bando la mteja na kuificha fomu. Hatakuelewa, maana basi ni lake na analipenda. Akimwona abiria mmoja akiipandisha na kuishusha picha hiyo kwa kidole, akitafuta pa kuandika "Tanga", akakata tamaa akaizima data, ataagiza iondolewe kabla hajafika kwenye gari lake.

Na kwa ule ukurasa wa mizigo ambao umesema bado hamjaanza kuutengeneza: usiutengeneze kwanza. Uchore kwa kalamu kwenye karatasi zenye ukubwa wa simu, kila ukurasa karatasi yake. Abiria anagusa karatasi kwa kidole, wewe unamwekea inayofuata. Watu wazima hucheka kidogo mwanzoni kisha huzama, na kwa kuwa wanaona ni karatasi tu, wanazikosoa waziwazi kuliko wanavyoikosoa kazi iliyopakwa rangi. Fundi wa nguo huanza na chaki, mkasi baadaye.

Nenda Jumatano, siku za katikati ya wiki stendi ina nafasi ya kukaa. Fika mapema uonane na wa ofisi. Beba chaja ya mkononi, maana simu za abiria zitakuwa zinakaribia kuzima, na beba noti za elfu tano tano, kwa sababu chenji pale ni ugomvi. Jioni nisomee daftari kwa simu, neno kwa neno kama walivyosema, kabla hamjabadilisha chochote.